MACHO ambayo hayaoni: vifupisho vya kuchekesha vya wataalamu wa nyota

Huku kwetu vifupisho tumevizoea: SNEL, REGIDESO, FARDC, MONUSCO. Hakuna mwenye kucheka akivisikia. Lakini wataalamu wa nyota, wao wanapenda kifupisho kiwe na maana ingine ya kuchekesha, na mara mingi wanapanga maneno kwa nguvu mpaka kichekesho kitoke.

Kisa kinachotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili ni kile cha MACHO. Wataalamu walishaona kama galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota, zinazunguka mbio kupita uzito wa nyota zinazoonekana. Basi kuna kitu kizito kimejificha. Kitu gani? Wamoja walisema ni vipunje vidogo sana, vinavyopita ndani ya kila kitu karibu bila kugusa. Wakaviita WIMP, neno ambalo kwa Kiingereza ni mtu dhaifu, muoga. Wengine wakasema hapana, ni vitu vikubwa vya giza, sawa vile nyota zilizozimika. Mwanafizikia Kim Griest akavipa jina MACHO, yaani mwanaume wa kujionyesha nguvu. Ilikuwa makusudi, juu ya kujibu wale wa WIMP. Kwa Kiswahili sasa, kitu kisichoonekana ndicho kinaitwa macho!

Utani huo ulikuwa na kazi ya kweli nyuma yake. Kuanzia 1992 mpaka 1999, telesikopi moja ya Mount Stromlo, Australia, iliangalia nyota za galaksi jirani, Wingu Kubwa la Magellan. MACHO ikipita mbele ya nyota, uzito wake unapinda mwangaza, na nyota inang'aa zaidi kwa muda, kisha inarudia hali yake. Katika karibu miaka 6, kwa nyota karibu milioni 12, waliona matukio kati ya 13 na 17 tu. Mwanaume wa nguvu hakutosha kujaza uzito wote. Na yule muoga? Mpaka leo bado kuonekana. Telesikopi yenyewe iliungua katika moto wa pori, Januari 2003.

Wafaransa waliofanya uchunguzi sawa na ule waliuita EROS, mungu wa mapenzi wa Wagiriki. Wapolandi wakachagua OGLE, kumkazia mtu macho ya tamaa. Wao wangali wanaangalia, kule Chile.

Kuna pia wale walioishiwa majina. Huko huko Chile, Wazungu wa Ulaya wana VLT, maana yake «Telesikopi Kubwa Sana»: vioo 4 vya metre 8,2 kila kimoja. Wanajenga na ELT, «Kubwa Kupita Kiasi», ya metre 39. Walikuwa wamewaza hata ya metre 100, OWL, yaani bundi, ndege anayeona usiku. Mzee yeyote wa hapa angewaonya juu ya jina hilo. Gharama ikawashinda, wakaiacha.