Ladhiq, Mji Uliogombania Wageni

Mji wa Denizli, kusini magharibi ya Uturuki, ambao Waarabu wa zamani waliujua kwa jina la Ladhiq, haukutajwa sana katika tarehe za wafalme, maana mabwana wake walikuwa maamiri wadogo waliogawana nchi ya Rum, yaani Anatolia, dola ya Waseljuki ilipokwisha nguvu. Lakini msafiri Ibn Battuta wa Tanja, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuingia katika zama hizo hizo, na aliyoyakuta sokoni mwake yangetosha kuupa mji wowote sifa.

Alipokuwa akipita madukani pamoja na wenziwe, watu waliteremka wakazishika hatamu za farasi wa wageni. Mara wakaja wengine wakawapinga, maneno yakazidi, na baadhi yao wakachomoa visu. Wageni, wasiojua lugha ya pale, walidhani wameangukia mikononi mwa Wagermiyan, waliovuma kwa unyang'anyi wa njiani, hata Mola akawaletea haji mmoja ajuaye Kiarabu, naye akawaeleza kwamba hawa ni vijana wa akhi Sinan, wale ni wa akhi Tuman, na kila kundi lataka wageni washukie kwao. Ikapigwa kura, ikamwangukia Sinan, ambaye aliwakirimu kwa vyakula vya namna namna, akawapeleka hamamu na kumhudumia mgeni wake kwa mkono wake mwenyewe; na zamu ya Tuman ilipowadia, naye akafanya vivyo hivyo, akazidisha marashi ya waridi.

Wala ukarimu huo haukutoka katika hazina ya tajiri. Akhi alikuwa mkuu aliyechaguliwa na mafundi wa kazi moja, pamoja na vijana wasiooa, ambao walishinda kutwa wakitafuta riziki, na baada ya alasiri wakamletea walichochuma, kikanunuliwa chakula na matunda ya zawia, nyumba yao ya kupokea wageni. Msafiri akiwapo, ndiye mgeni wao, na asipokuwapo walikula wenyewe, wakaimba na kucheza, asubuhi wakarudi kazini. Visu vilikuwa pambo la mishipi yao, nami sidhani kama siku ile vilikusudiwa kumwaga damu.

Siku ya Idi-el-Fitri mafundi walitoka na silaha, kila kazi na bendera, pembe na ngoma zake, wakishindana kwa fahari, wakachinja ng'ombe na kondoo makaburini na kugawa mikate kwa maskini.

Nguo za pamba za mji huo, zilizotariziwa dhahabu, msafiri hakuona mfano wake, na wafumaji wengi walikuwa wanawake wa Kigiriki, ambao jamaa zao walilipa jizia, kodi ya wasio Waislamu. Lakini hakuficha aibu iliyokuwa ubavuni mwa sifa hiyo: wenyeji walinunua vijakazi wa Kigiriki wakawatoa kwa uzinzi ili wale ijara yao, na hapana aliyewakataza. Ukarimu wa Ladhiq, basi, ulikuwa na mpaka, nao ulipita katikati ya mji. Karibu karne sita baadaye, Wagiriki waliosalia Anatolia waliondolewa kwa mapatano ya Lausanne ya mwaka 1923. Lakini vitanda vya mfumi havikukoma, na taulo za Denizli huuzwa Ulaya hata leo.