Jumba la Shiwa Ng'andu na Waliofyatua Matofali Yake

Msafiri wa treni ya TAZARA anayeshuka Mpika, kaskazini mwa Zambia, akashika barabara ya kwenda Chinsali, hatarajii kukuta porini jumba la ghorofa la matofali mekundu, lenye mnara wa mraba, paa la vigae na ua wa ndani. Hilo ndilo Shiwa Ng'andu.

Zaidi ya miaka 100 imepita tangu Stewart Gore-Browne, ofisa wa jeshi la Uingereza, arudi mwaka 1920 kulima kando ya ziwa aliloliona mwaka 1914, akiwa kwenye tume ya kupima mpaka na Kongo ya Wabelgiji.

Kisa kiko kwenye ujenzi. Reli iliishia Ndola. Fanicha, vitabu na vyombo kutoka Uingereza vilibebwa vichwani na wapagazi, vikavushwa kwa mitumbwi kwenye vinamasi vya Bangweulu. Lakini nani angebeba matofali? Yalifyatuliwa palepale: udongo ukakandwa, ukatiwa kwenye kalibu, ukaanikwa, ukachomwa tanurini. Vigae navyo vivyo hivyo. Kazi ilivuka hadi miaka ya 1930, chini ya Gore-Browne, bwana mwenye hasira, aliyeitwa Chipembele, yaani faru, na aliyewachapa wafanyakazi wake.

Mwandishi Christina Lamb ameyasimulia haya katika The Africa House (1999), akitegemea barua na shajara za Gore-Browne mwenyewe. Ndiyo maana tunasikia sana habari za shangazi yake Ethel aliyemsaidia kwa fedha, na za maktaba yenye meko, huku mafundi Wabemba wakipita kama kivuli. Kwa maoni yangu, hilo ni deni.

Shamba liliishi kwa mafuta ya manukato ya machungwa na jamii yake, hadi ugonjwa ulipoiangamiza miti katika miaka ya 1950. Chipembele huyohuyo aliingia siasa, akawasemea Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, akajiunga na UNIP, chama cha Kaunda kilichopigania uhuru. Alipofariki mwaka 1967 alizikwa kwa heshima za kitaifa.

Binti yake na mkwewe waliuawa mwaka 1992, na nyumba ikachakaa hadi mjukuu alipoikarabati. Leo wageni hulala humo kwa malipo. Ukifika, muulize mwenyeji wako habari za waliochoma matofali, na usikubali kujibiwa kwa jina la mwenye nyumba.