Nzige Wekundu wa Bonde la Rukwa na Hesabu Zao



Wanafunzi wa sayansi huniuliza mara kwa mara: hesabu inaingiaje katika biolojia? Siwapeleki mbali. Nawaonyesha Lyamba lya Mfipa, pale uwanda wetu wa Ufipa unapokatika na kushuka bondeni Rukwa. Jibu liko kule chini, katika mbuga za kando ya ziwa.

Mbuga hizo ni mojawapo ya mazalio machache ya nzige wekundu. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1944 nzige hao walienea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Ikweta, wakala nafaka za watu wasiowahi hata kulisikia jina la Rukwa. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, yaani Mbala ya leo, Zambia, jirani zetu kabisa.

Lakini utamdhibitije adui usiyejua idadi yake? Hakuna awezaye kuhesabu nzige mmoja mmoja. Watumishi walipita mbugani kwa mistari, wakahesabu walioruka mbele yao, kisha wakazidisha kwa eneo. Vijana na wajaribu: katika ukanda wenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 1,000 wakiruka nzige 20, kilomita moja ya mraba ina wangapi? Ni 20,000, mradi wametawanyika sawasawa. Na nzige, kama tujuavyo, hupenda makundi. Ndiyo maana mstari mmoja hautoshi.

Nzige mwekundu hutoa kizazi kimoja kwa mwaka. Hutaga mvua zinapoanza, na watoto wakishakua hukaa kiangazi kizima bila kutaga. Kwa hiyo idadi ya mwaka ujao ni ya mwaka huu mara kizidisho fulani. Kikizidi 1 wanaongezeka. Kikipungua 1 wanakwisha. Kazi yote ni kujua kinachokipandisha na kukishusha kizidisho hicho.

Mtaalamu P. Symmons alilinganisha idadi ya nzige wa Rukwa na vipimo vya mvua, akachapisha matokeo mwaka 1959. Mvua ikiwa nyingi msimu mmoja, msimu unaofuata nzige hupungua. Mimi ningedhani kinyume, kwamba mvua nyingi huleta nyasi nyingi na nyasi huleta nzige. Hesabu ilikataa. Faida yake ni kubwa: kipimo cha mvua kilichosomwa leo kinatoa onyo mapema, kabla kundi halijaruka.

Hata hivyo uhusiano wa namba mbili hausemi sababu. Tena, ukishapulizia dawa, nzige wamepungua kwa mvua au kwa dawa? Swali hilo nawaachia kidato cha tano.

Mwaka 2009 nzige waliongezeka tena Rukwa, Katavi na Malagarasi, wakapuliziwa safari hii dawa ya kuvu, inayoua nzige bila kusambaza sumu mbugani.