Neno "Poa" Katika Mji wa Tanuru

Mji wa Lubumbashi ulikua kando ya moto. Reli ilifika mwaka 1910 kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na mwaka 1911 tanuru la Union Minière lilimwaga shaba yake ya kwanza. Shaba haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,080.

Wafanyakazi walitoka mbali: Wabemba ng'ambo ya mpaka, Waluba wa Kasai, na wengine wengi. Kila mmoja alikuja na lugha yake, kisha Kiswahili kikawaunganisha. Lakini tazama jambo hili. Mbemba akisema talala, maana yake kupoa, tena kunyamaza na kutulia. Mluba wa Kasai, kwa shina lile lile, huita amani ditalala. Nasi twasema chai imepoa, homa imepoa, hasira zimepoa. Hata neno pole ni ndugu ya poa: wajuzi wa lugha za Kibantu huyarudisha yote mawili kwenye shina moja la kale, lenye maana ya kuwa baridi na ya kupona. Basi vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wakiitikia "poa", tusiseme upesi kwamba wamewaiga Waingereza. (Mchuuzi wa sokoni, kweli, hafurahi biashara ikipoa.)

Huko Ulaya baridi ni adui, na mtu asiye na upendo huitwa baridi. Ndiko lilikotoka jina "vita baridi", uadui wa Marekani na Urusi baada ya mwaka 1945. Kwa sikio letu, jina gani hilo? Tena hapa halikuwa kweli. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, ugomvi wa wakubwa ukaingia, na mwezi wa Septemba na wa Desemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa na wa Katanga walipigana mjini humu kwa mizinga. Kujitenga kuliisha Januari 1963.

Moto mwingine uliwashwa na wanasiasa mwaka 1992 na 1993. Watu wa asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa makwao. Huko Likasi na Kolwezi jamaa nzima zililala stesheni wiki nyingi zikingoja treni, na watoto wakafa hapo kwa maradhi. Miongoni mwao walikuwamo wajukuu wa wale waliokuja kuchimba na kuyeyusha shaba. Baadhi walirudi baadaye, na hata leo lugha yao yasikika katika mitaa ya Lubumbashi, pamoja na Kibemba na Kiswahili.