TV yako inaishi mwaka gani? Historia fupi ya saa, vyeti na kosa la kuingia

Umeme ulikatika usiku, asubuhi umerudi. Unawasha TV janja, Wi-Fi inaonyesha imeunganishwa, lakini ukitaka kuingia kwenye akaunti yako inagoma: imeshindwa kuwasiliana na seva. Unaandika nenosiri upya, herufi moja moja kwa rimoti. Inagoma tena. Unalijaribu nenosiri lilelile kwenye simu, kwa Wi-Fi ileile, linakubali mara moja.

Hapo wengi hulaumu nenosiri, wengine hulaumu kampuni ya intaneti. Kabla hujamlaumu mtu, fungua mipangilio ya TV uangalie tarehe. Ukikuta 1 Januari 1970, basi mchawi umeshampata.

Kwa nini 1970? Mfumo wa Unix, uliozaliwa katika maabara za Bell huko Marekani, huhesabu muda kwa sekunde tangu usiku wa manane wa siku hiyo kwa saa za dunia (UTC). Programu za TV nyingi zimerithi hesabu hiyo. Saa ikipotea, hesabu inarudi sifuri. Kwetu Afrika Mashariki, tulio saa 3 mbele, sifuri hiyo ni saa tisa usiku. TV nyingine hazirudi 1970, bali tarehe ambayo programu yake ilitengenezwa.

Sasa, tarehe inahusiana nini na kuingia kwenye akaunti? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la ufunguo wa wazi: watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kuzungumza kwa siri. Lilibaki swali gumu: utajuaje kwamba ufunguo uliopewa ni wa huyo unayemtaka, na si wa tapeli aliyekaa katikati? Mwaka 1978 Loren Kohnfelder, mwanafunzi wa shahada ya kwanza pale MIT, alipendekeza jibu katika tasnifu yake: cheti. Mtu anayeaminika anatia saini kwamba ufunguo huu ni wa fulani. (Kwa hiyo wanaosema tasnifu za shahada ya kwanza haziendi popote, wafikirie tena.)

Mwaka 1988 ukatoka mwongozo wa kimataifa uitwao X.509, ulioeleza cheti kiandikweje. Ndani yake kuna tarehe mbili: cheti kinaanza lini kutumika na kinaisha lini. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Netscape, ambayo mwanasayansi wake mkuu alikuwa Taher Elgamal, mzaliwa wa Cairo, iliingiza vyeti hivyo kwenye mawasiliano ya kila siku ya intaneti kupitia SSL. Mrithi wake, TLS, ndiye anayefanya kazi kwenye TV yako leo.

Utaratibu ni huu. Kabla nenosiri halijaondoka kwenye TV, seva inatoa cheti chake. TV inakagua jina, inakagua saini, kisha inakagua tarehe. Kama TV inaamini tuko 1970, cheti kilichotolewa mwaka huu kwake bado hakijazaliwa. Inakikataa na kukata mazungumzo. Kumbe nenosiri uliloliandika mara tano halikufika hata mlangoni!

Tatizo ni kwamba TV nyingi hazina ile betri ndogo ya duara inayotunza saa ndani ya kompyuta umeme ukikatika. Zinaomba saa kutoka nje, na njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni matangazo ya kidijitali yenyewe, ambayo hubeba tarehe na saa pamoja na picha. Lakini kama unatumia king'amuzi cha pembeni, mawimbi yanaishia humo. TV inapokea picha na sauti tu kupitia waya. Njia ya pili ni NTP, utaratibu wa kulinganisha saa kwa mtandao ulioandikwa na David Mills mwaka 1985, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware. Baadhi ya mitandao ya ofisi na hosteli huifunga njia hiyo, au hukutaka kwanza ukubali masharti kwenye ukurasa ambao TV haiwezi kuufungua. Wi-Fi ipo, saa hakuna.

Mtu atasema: mimi TV yangu ina tarehe sahihi na bado inagoma. Hapo kuna saa nyingine ya kuangalia, nayo iko ndani ya vyeti. TV haiijui kila seva duniani. Inatoka kiwandani na orodha ya watia saini wakuu inaowaamini, ambao vyeti vyao huitwa vyeti mzizi. Navyo vina mwisho. Mwaka 2000 vilitolewa viwili ambavyo wakati ule vilionekana kama vitadumu milele. Cha kwanza, AddTrust, kiliisha tarehe 30 Mei 2020, na vifaa vya Roku vya kuangalizia TV vilikuwa miongoni mwa vilivyosumbuka. Cha pili, DST Root CA X3, kiliisha tarehe 30 Septemba 2021, na vifaa vya zamani visivyokuwa na mzizi mpya vikakosa kuzifikia tovuti nyingi. Kioo kizima, spika nzima, lakini kifaa hakimwamini tena mtu yeyote.

Kwa hiyo, ukiwa mbele ya TV iliyogoma, fuata mpangilio huu:

1. Jaribu akaunti kwenye simu. Ikikubali, nenosiri halina kosa.
2. Angalia tarehe, saa na ukanda wa saa. Weka saa ya moja kwa moja. Ukiweka kwa mkono, kumbuka saa mbili asubuhi yetu ni 08:00 ya TV.
3. Unganisha TV na intaneti ya simu yako. Ikikubali, tatizo ni ule mtandao wa mwanzo.
4. Kama TV inatoa namba ya kuingiza kwenye simu, fanya haraka. Namba hizo huisha muda; ikiisha, omba nyingine.
5. Sasisha programu ya TV, kwa mtandao au kwa flashi kutoka tovuti ya mtengenezaji. Huko ndiko vyeti mzizi vipya hutokea.

Usirudishe tarehe nyuma ili kukidanganya cheti kilichoisha. Ukifanya hivyo, vyeti vipya navyo vitaonekana havijazaliwa. Kufuta kila kitu na kuanza upya nako hakuleti mzizi mpya kwenye TV ambayo haujawahi kuwa nao.

Na uvumilivu kwa saa mbovu unazidi kupungua. Mwaka 2020 ukomo wa cheti cha kawaida cha tovuti ulishushwa hadi siku 398. Aprili 2025 watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari walipiga kura ushuke hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Kwa usalama ni jambo zuri, maana ufunguo ulioibiwa utatumika kwa muda mfupi. Ila TV iliyochelewa miezi miwili tu, ambayo leo huenda ikapita, wakati huo itakuwa nje.

Wengi wetu tunanunua TV za mkononi, na tunachouliza dukani ni inchi ngapi, kioo kina mchirizi au hakina. Tuongeze swali moja: mara ya mwisho programu yake kusasishwa ilikuwa lini? Kama mtengenezaji ameshaitelekeza, ipunguzie bei, kisha tenga hela ya kifaa cha pembeni cha kuchomeka kwenye HDMI. Hapo TV itabaki kuwa kioo tu, na kioo hakihitaji cheti.