Osale Otango alikuwa jambazi wa nani?

Wasee, ukitaja Mau Mau kila mtu anawaza Nyandarua na Mlima Kenya. Msitu, baridi, Kimathi, basi. Tanga haitajwi kabisa, na wala si mbali. Vuka Lunga Lunga, ingia Horohoro, fuata barabara ya kwenda mjini. Kilomita 8 hivi kabla ya kufika Tanga kuna mapango ya Amboni.

Miaka ya 1950, huku kwetu Mwingereza ametangaza hali ya hatari, Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi walikuwa wanasakwa na polisi wa mkoloni huko Tanganyika. Walijificha Amboni. Huko husimuliwa kwamba waliwanyang'anya matajiri wakawagawia maskini, na majina yao hutajwa pamoja na Mau Mau. Serikali iliwaita majambazi tu.

Sasa hebu tuulizane. Kimathi naye aliitwa nani? Gaidi. Na Mau Mau ilibaki marufuku kisheria hapa Kenya hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru! Kwa hivyo mimi neno la faili ya mkoloni siliamini haraka hivyo. Sisemi Osale alikuwa malaika. Nasema aliyempa jina ni yule yule aliyekuwa anamwinda.

Na maficho yenyewe, manze! Ni mawe ya chokaa yaliyojijenga chini ya bahari miaka kama milioni 150 iliyopita, kisha maji ya mvua yakayala polepole mpaka yakatoboa vyumba na vichochoro. Pengine unatembea wima, pengine unatambaa. Giza, popo, ukimya. Wenyeji huomba humo tangu zamani, hasa wanaotafuta mtoto, na huacha sadaka zao.

Halafu kuna ile hadithi ya mbwa: eti alipotelea humo na wazungu wawili, akatokea Kilimanjaro. Wengine husema njia inafika Mombasa. Wataalamu walipima mwaka 1994 wakakuta mapango 10, refu kuliko yote kama mita 900. Lakini mtu anayesakwa akiingia tundu moja asionekane tena, si hata wewe utasema ametokea Mombasa?

Ukienda, muulize mwelekezaji habari za Osale mapema, kabla hajaanza ile ya mbwa.