Chanjo ya HPV: Kinga kwa Binti, Uchunguzi kwa Mama

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake nchini Tanzania. Chanzo chake kikuu ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na vinavyoweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila dalili.

Chanjo dhidi ya virusi hivyo ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014. Aprili 2018 ilienea nchi nzima, ikitolewa kwa dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Aprili 2024 utaratibu ulibadilika kuwa dozi moja, na kampeni ya kitaifa ikawalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14. Umri huo umezingatiwa kwa sababu chanjo hukinga. Haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia. Aidha, haisababishi ugumba.

Mkoani Tanga, kuanzia Mkinga na Pangani hadi Lushoto na Kilindi, wazazi wanakumbushwa kuwa chanjo hutolewa bila malipo, na kwamba binti asiye shuleni naye ni mlengwa. Apelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu.

Hata hivyo, chanjo ya binti haimkingi mama yake. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanashauriwa kuchunguzwa. Mtoa huduma hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Mabadiliko hayo yakigundulika mapema, hutibiwa kabla hayajawa saratani.